Barua pepe ikigoma baada ya kusasisha simu: usikimbilie kufuta akaunti

Apple ilipotoa iOS 11 mnamo Septemba 19, 2017, watu wengi wenye akaunti za Outlook.com, Office 365 na Exchange 2016 walishindwa kutuma barua pepe kwa programu ya Mail. Seva ilizikataa. Wenye seva za Exchange 2016 zinazoendeshwa na Windows Server 2016 walishauriwa na Microsoft wazime itifaki ya HTTP/2 kwa muda, na Septemba 26 Apple ikatoa toleo la 11.0.1 lenye marekebisho. Hitilafu ilikuwa katika maelewano ya simu na seva, kwa hiyo kufuta akaunti na kuiingiza upya kusingefaa kitu.

Mafundi watapinga: mbona mara nyingi dawa hiyo hufanya kazi? Ni kweli, hasa pale simu inaposhikilia njia ya zamani ya kuingia, ile ya nenosiri pekee ambayo Microsoft ilianza kuizima kwenye Exchange Online Oktoba 2022. Lakini fungua kwanza barua zako kwenye kivinjari. Zikiwapo huko, futa bila hofu. Zisipokuwapo, huenda akaunti inatumia POP, mfumo unaoweza kushusha barua na kuziondoa kwenye seva. Nakala iliyobaki ni ile iliyo simuni, na ukifuta akaunti imekwenda. Wapo wanaoamua kutosasisha simu kabisa. Hao wanakwepa usumbufu wa wiki moja na kuacha wazi mianya ya usalama inayojulikana, biashara ambayo sioni faida yake.