Saa 3,600 za Mwanafunzi Mwenye Ajira

Mfanyakazi anayetaka kusoma shahada kwa mtandao huuliza kwanza ada ni kiasi gani. Ana haki ya kuuliza. Lakini ada hukopeka, hulipwa kwa awamu, na ndugu wanaweza kukuchangia. Saa hazichangiwi, na shahada ukiivua joho na kofia ni rundo la saa tu.

Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), shahada ya kwanza ya miaka mitatu haipungui krediti 360, na krediti moja huhesabiwa kuwa kazi ya saa 10: mihadhara, kujisomea, asaimenti na mitihani, vyote ndani. Zidisha upate saa 3,600. Uingereza nako hesabu ni hiyo hiyo. Kusomea sebuleni hakupunguzi hata saa moja. Tofauti ni kwamba sebuleni hakuna mhadhiri wa kugundua kuwa hukuja.

Sasa ifungue wiki yako. Ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki. Toa hizo, toa 49 za kulala saa saba kila usiku, zinabaki 74. Ni nyingi, mpaka foleni ya Mbagala ichukue zake, na jiko, na watoto, na ibada, na msiba wa Jumamosi ambao haumo kwenye ratiba ya mwajiri wala ya chuo. Mwenye familia akipata saa 15 za kusoma kweli, simu ikiwa kimya, amejitahidi sana. Kwa wiki 40 za mwaka ni saa 600, maana yake miaka sita. Anayetaka kumaliza kwa mitatu anahitaji saa 30 kila wiki. Huyo tumwite kwa jina lake, ana ajira mbili.

Ndiyo maana matangazo yanayomwahidi mtu wa kazi ya kutwa kwamba atahitimu sawa na aliye bwenini hunitia shaka. Pengo hilo la saa lazima lizibwe na kitu, na kwa kawaida ni usingizi, ndoa au alama.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya 1992, kiliwalenga tangu mwanzo watu wasioweza kuacha kazi na nyumba: mwalimu wa Kasulu, askari, karani wa halmashauri. Kenya nayo ilikipa hati Chuo Kikuu Huria chake kule Konza mwaka 2023. Uzuri wa mpango wa namna hii ni kwamba unaweza kwenda kwa mwendo wako, na hapo ndipo wengi hukosea: wanajisajili kozi zote za mwaka ili wasiachwe na wenzao. Kozi mbili ulizofaulu tayari ni krediti mkononi. Tano ulizosapu zitakudai saa zile zile mara ya pili.

Kwa kuwa saa ni chache, namna ya kuzitumia nayo ina uzito. Mwaka 2006 wanasaikolojia wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi matini. Baadhi waliirudia kuisoma, wengine waliifunika wakajaribu kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Na mitihani haiji baada ya dakika tano! Kwa hiyo aliyesimama kwenye daladala, mkono juu kwenye bomba, bado ana kazi ya kufanya: ajiulize hoja za somo la jana bila kutazama popote. Haihitaji bando.

Likizo nayo ni saa. Sheria ile ile ya Ajira inatoa siku 28 kwa mwaka, na ratiba ya mitihani ikitoka, ombi lipelekwe kwa bosi wiki hiyo hiyo, kabla wenzako hawajazimaliza tarehe nzuri.

Kwa chuo cha nje, usilipe kabla ya kuuliza TCU kama shahada yake itatambuliwa. Kwa Kenya, uliza Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Masomo yenye vitendo yanataka uangalifu zaidi. Mwanafunzi wa ualimu lazima asimame mbele ya darasa, na wa uuguzi lazima amguse mgonjwa. Ukiambiwa yote hayo yatamalizikia kwenye kioo cha simu, omba maandishi ya chuo yanayosema mazoezi yatafanyika wapi, kwa wiki ngapi, na nani atayasimamia.