Super VC10 ya Afrika Mashariki yabaki mezani kwa mafundi wa ndege za mfano

SHIRIKA la Ndege la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977, lakini ndege zake bado zinaundwa. Zinaundwa mezani, kwa kisu, msasa na gundi, na wapenzi wa ndege za mfano ambao huonyeshana kazi zao hatua kwa hatua.

Ndege yenyewe ni Super VC10, ambayo shirika hilo la Kenya, Uganda na Tanzania lilianza kuipokea mwaka 1966. Waingereza waliibuni kwa kuzingatia viwanja vya joto vilivyo nyanda za juu kama Nairobi, ambako hewa nyepesi huipa ndege shida ya kupaa. Ndiyo sababu injini zote nne zilifungwa nyuma, mabawa yakaachwa wazi yanyanyue vizuri.

Kwa kipimo cha 1 kwa 144, ndege hiyo ya mita 52 hubaki na urefu wa sentimita 36 hivi. Kampuni ya Roden ya Ukraine imewahi kutoa seti ya plastiki ya aina 1154, iliyoundwa mahususi kwa shirika hilo.

Mtihani wa kwanza ni uzito. Mkia ni mzito, hivyo fundi asipoweka vipande vya risasi puani, kama chubwi za mshipi, ndege itakaa kitako na magurudumu ya mbele yataning'inia. Kazi hiyo hufanywa kabla ya kuunganisha nusu mbili za kiwiliwili. Akisahau, hana budi kuipasua.

Baada ya hapo hujaza nyufa kwa puti, hupiga msasa na kupaka rangi nyeupe kidogo kidogo, kwa kuwa nyeupe haifichi mkwaruzo. Stika hulowekwa majini, kisha huteleza mpaka mahali pake.

Hapo huja swali la herufi za usajili. Ndege zilikuwa tano, na usajili wake uligawanywa: mbili Uganda (5X), mbili Tanzania (5H) na moja Kenya (5Y). Anayechagua 5X-UVA ameunda ndege iliyopata ajali Addis Ababa, Aprili 18, 1972, watu 43 wakafa. Anayechagua 5H-MMT ameunda ile ambayo, baada ya shirika kufa, ilirudi Uingereza ikageuzwa ya kujazia ndege nyingine mafuta angani. Septemba 25, 2013 iliruka kwa mara ya mwisho, na tangu siku hiyo hakuna VC10 nyingine iliyopaa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuliwa mwaka 2000. Shirika la ndege la pamoja halikufufuliwa. Kenya, Uganda na Tanzania kila moja ina lake. Kijana anayetaka kuona herufi za nchi hizo tatu chini ya jina moja la shirika, itambidi aunde ndege tatu, azipange kwenye rafu moja.