Mkono Unaokisia

Haya, sogeeni. Nani kati yenu ameshawahi kunyanyua dumu akidhani limejaa maji, kumbe tupu? Dumu likaruka juu, mwenyewe ukapepesuka, wenzako wakacheka. Usione haya. Ubongo ulikuwa umeshakisia uzito kabla hujanyanyua, ukaamuru misuli ivute kwa nguvu nyingi mno.

Makisio hayo ndiyo anayoyachunguza Ilana Nisky, mwanasayansi aliyesomea uhandisi wa tiba katika Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, nchini Israeli. Alipokuwa akisomea uzamivu, aliwapa watu springi isiyokuwepo: mashine ndiyo iliyousukuma mkono, mtu akahisi springi kabisa. Msukumo ukicheleweshwa kidogo tu, chini ya sekunde moja, mkono unadanganyika kuhusu ugumu wa springi.

Mchezo tu? Muulizeni daktari wa upasuaji. Roboti iitwayo da Vinci iliruhusiwa Marekani mwaka 2000. Daktari hukaa kando, macho kwenye picha, akichezesha vishikio. Mikono ya chuma humfuata ndani ya tumbo la mgonjwa. Roboti huchuja hata mtetemeko wa vidole vyake. Lakini kwa miaka mingi daktari alishona bila kuhisi uzi unavyokaza, akitegemea macho. Jaribu kufunga kamba za viatu vidole vikiwa vimekufa ganzi, utamwonea huruma.

Nisky akaenda Stanford, California, kufanya utafiti na Allison Okamura, bingwa wa mguso katika roboti. Wakalinganisha mikono ya madaktari wazoefu na ya watu wasiowahi kupasua. Waliwapa kazi gani? Kupeleka mkono kutoka hapa hadi pale, mara kwa roboti, mara bila roboti. Basi! Mimi napenda mtafiti asiyeona haya kuanza na jambo dogo hivyo.

Aliporudi Ben-Gurion akaanzisha maabara yake. Mwaka 2020, yeye na wenzake walieleza kifaa kinachovuta ngozi ya ncha za vidole. Ngozi ikivutwa, kitu laini huhisiwa kuwa kigumu papo hapo. Ila nguvu ambayo vidole hukibania kitu hicho haikubadilika upesi. Vidole viliuzoea mvuto huo polepole, mguso baada ya mguso.

Kwa hiyo mwanagenzi wa upasuaji anaweza kuhisi vizuri kabisa kilichopo mbele yake, huku vidole vyake bado vinanyanyua dumu la jana.