Karo Septemba, Bonasi Oktoba

Matokeo ya KCSE ya 2022 yalipotoka, Shule ya Wavulana ya Nyambaria ilitajwa kuongoza nchi nzima, na Nyamira ikapiga vigelegele. Gusii haina mzaha na shule. Lakini nchini kote, katika mtihani wa 2024, ni watahiniwa 246,391 tu kati ya 962,512 waliopata C+ au zaidi, gredi ya kuingilia chuo kikuu. Yaani takriban mmoja kwa kila wanne. Hao watatu wengine je?

Nafasi zao zipo. Mjini Kisii kuna politekniki ya kitaifa, ambayo wenyeji wengi wangali wanaiita GIT, jina la kabla haijapandishwa hadhi mwaka 2016. Mwenye D huanza na cheti cha ufundi, akapanda ngazi hadi diploma. Mzazi anayemwambia mwanawe kwamba D ni mwisho wa maisha hajauliza vizuri.

Kinachowakwamisha wengi ni kalenda. Wanafunzi wengi huitwa vyuoni Septemba, na karo hutakiwa wakati huo huo. Nyumba nyingi za Nyamira, na za Kisii kwenye nyanda za juu, hula kwa majani chai. Malipo ya kila mwezi ni pesa za unga na sabuni. Donge lenyewe, bonasi, kwa kawaida hufika Oktoba, baada ya hesabu za mwaka unaofungwa Juni. Tena bonasi ya viwanda vya huku, kama Sanganyi, Kebirigo na Nyamache, mara nyingi huwa ndogo kuliko ya Mlima Kenya, na shamba lenyewe limeshagawanywa kwa ndugu hadi likabaki vipande.

Basi kijana husema, "Nitaingia Januari." Kwa sasa anachonga mawe ya sabuni Tabaka, au anashika bodaboda. Boda ina utamu wake: inalipa jioni ile ile. Kufikia Desemba ameshachukua pikipiki ya mkopo, inayodai kila siku. Januari ikija, ataiachia nani? Mimi simwiti mvivu. Amepiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi kwa mwezi huo mmoja.

Vyuo vinavyopokea watoto wa wakulima wa chai vingeandika kwenye barua ya wito kwamba awamu ya kwanza ya karo italipwa Novemba. Chumba cha darasa hakiongezi gharama kwa kumsubiri mzazi wiki chache, na kiwanda kinajua tayari kilo alizouza.