Kanisa la Miti la Kisiwa cha Kizhi

Kaskazini mwa Urusi liko ziwa kubwa liitwalo Onega, na ndani yake kisiwa chembamba, Kizhi. Huko Wakristu Waorthodoksi walijenga mwaka 1714 kanisa la Kugeuka Sura kwa Bwana, lote kwa magogo. Kimo chake ni mita 37, na juu yake zimo kuba 22 zenye umbo la kitunguu, zikipandana ngazi kwa ngazi.

Wenyeji husimulia kwamba fundi Nestor alipomaliza kazi alilitupa shoka lake ziwani, akisema kanisa kama hilo halitajengwa tena. Hiyo ni hadithi. Wengine husema hakuna hata msumari mmoja ndani yake, nao wamezidisha. Kuta ndizo zisizo na misumari, maana magogo yamechongwa yakaumana penye pembe. Lakini vigae vya mbao vinavyofunika kuba, maelfu kwa maelfu, vimepigiliwa. Vimechongwa kwa mti uitwao osina, ambao kwa jua na mvua hung'aa kama fedha.

Kanisa hili halikuwa na moto wa kulipasha, hata watu walisali humo wakati wa kiangazi tu. Kwa majira ya baridi walikuwa na kanisa jingine dogo karibu yake, la mwaka 1764.

Sisi tunaoijua kazi ya mchwa twafahamu kwamba mti hauna umri wa jiwe. Magogo yalioza, kuta zikainama, na mwaka 1980 mlango ukafungwa. Kiunzi cha chuma kikasimamishwa ndani ili kanisa lisianguke. Je, libomolewe lote na kujengwa upya? Mabishano yalidumu miaka mingi, na kwa haki: nyumba iliyovunjwa kabisa hairudi kuwa ile ile.

Mwishowe mafundi walichagua njia ngumu zaidi. Sehemu ya juu ilining'inizwa kwenye kile kiunzi, nao wakatoa tabaka moja la magogo chini yake, wakalipeleka karakanani kisiwani, wakalitengeneza, wakalirudisha, kisha wakashika lingine. Kazi hiyo ilichukua karibu miaka kumi, ikafika mwisho karibu na mwaka 2020. Gogo lililooza upande mmoja halikutupwa: walikata palipooza tu, wakaunga hapo kipande kipya cha msonobari.