Gari lililotumika linalovuta kwa magurudumu manne: Utalichunguza vipi kabla ya kulipa?

Mnunuzi anapofika kwenye yadi ya magari mjini Mbarara, magharibi mwa Uganda, na kusema kwamba anatafuta gari la kuhimili njia ya Nakivale, jibu analopewa aghalabu huwa ni jina: RAV4, Forester, X-Trail. Jina hilo pekee halimwambii jambo kubwa. Magari mawili ya aina moja na ya mwaka mmoja yanaweza kutofautiana kiasi kwamba moja litafanya kazi miaka mitano bila taabu, na jingine litasimama kabla ya msimu wa mvua kwisha.

Kwa mkazi wa Kakoba anayebeba abiria au bidhaa kati ya mji na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, tofauti hiyo si ndogo. Fedha za kununulia gari huenda zimechangwa na ndugu kadhaa, au zimetoka katika kikundi cha akiba kinachosubiri kurejeshewa. Gari lililotumika huuzwa kama lilivyo. Likiharibika wiki ya pili, muuzaji hana anachodaiwa. Makazi hayo ya wilaya ya Isingiro, yaliyoanzishwa mwaka 1958, ni mapana, na ukiacha lami kuelekea Base Camp, Juru au Rubondo, unaingia kwenye barabara za udongo ambazo mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Novemba, huzigeuza utelezi. Hapo ndipo magurudumu manne yanapohitajika, na hapo ndipo uongo wa yadi unapofichuka.

Kwanza ni vyema kufahamu kinachonunuliwa. Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwa hiyo gari linalovuta kwa magurudumu yote manne wakati wote huhitaji kifaa cha katikati, ama difu ama klachi maalumu, kinachoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti. Subaru Forester na RAV4 za kwanza, zilizotengenezwa kati ya 1994 na 2005, ni za namna hiyo. RAV4 zilizofuata, pamoja na Nissan X-Trail, kwa kawaida huvuta kwa magurudumu ya mbele na kuyaamsha ya nyuma pale tu utelezi unapotokea. Pikapu kama Toyota Hilux huwa na wenzo ambao dereva mwenyewe huuingiza.

Kifaa hicho cha katikati ndicho roho ya gari, nacho hakionekani. Mafundi wengi hufungua boneti, wakasikiliza injini na kutoa hukumu. Injini ni muhimu, lakini injini njema haithibitishi kwamba magurudumu ya nyuma yako hai.

Jaribio la duara

Jaribio bora halihitaji chombo chochote. Liendeshe gari kwa muda wa dakika 20 hivi hadi lipate moto, kisha tafuta mahali pa wazi penye lami au saruji kavu. Geuza usukani hadi mwisho, uachie breki, na uliache gari lizunguke polepole bila kukanyaga mafuta, kwanza kulia, kisha kushoto. Gari zima huzunguka kwa wepesi. Likijizuia kana kwamba breki imeshikwa, likatetemeka, au tairi zikarukaruka, basi mbele na nyuma vimefungana. Kifaa cha katikati kimechoka, na matengenezo yake huweza kumeza sehemu kubwa ya faida uliyotarajia.

Muhimu ni gari kuwa na moto. Katika Subaru nyingi za zamani zenye giaboksi ya otomatiki, kasoro hii hujificha gari likiwa baridi na kujitokeza baada ya mwendo. Muuzaji anayekuruhusu kuzunguka yadi mara moja tu hajakupa nafasi ya kujua lolote. Pikapu yenye wenzo ijaribiwe wenzo ukiwa umetolewa, kwa sababu ukiuingiza kwenye lami itajizuia hata ikiwa nzima.

Zipo pia mbinu za kuficha. Subaru hizo za zamani huwa na nafasi ya fyuzi chini ya boneti iliyoandikwa FWD. Fyuzi ikichomekwa hapo, gari huvuta kwa magurudumu ya mbele pekee na mtetemo hutoweka. Angalia nafasi hiyo iwe tupu. Katika magari mengine, mwenye mali huiondoa kabisa propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, ili kukwepa gharama za matengenezo. Kibandiko cha 4WD hubaki palepale kwenye mlango wa nyuma. Inama, tazama chini ya gari. Propela ikiwepo, panda mteremko wenye udongo uliolowa huku mtu mwingine akitazama kwa mbali kama magurudumu ya nyuma yanachimba. Usikubali jaribio la kuinua gurudumu moja kwa jeki na kutia gia: gari la namna hii linaweza kuruka kutoka kwenye jeki na kuua mtu.

Tairi husema mengi

Kampuni ya Subaru hutaka mizingo ya tairi zote nne isitofautiane kwa zaidi ya milimita 6.4. Sababu ni ileile: tairi ndogo huzunguka haraka zaidi, na kifaa cha katikati hulazimika kufanya kazi bila kupumzika, hata barabara iwe imenyooka. Ukikuta tairi mbili mpya na mbili zilizokwisha, au aina tatu tofauti katika gari moja, usilichukulie kama suala la kununua tairi tu. Jiulize gari limetembea hivyo kwa muda gani.

Omba kisha difu ya nyuma ifunguliwe kizibo cha mafuta. Mafuta yenye rangi ya maziwa yameingiliwa na maji, na vipande vya chuma ndani yake vinaonyesha kwamba meno yanaliwa. Muuzaji akikataa kazi hii ya dakika chache, kukataa kwake nako ni taarifa.

Kuhusu injini, Forester zilizotengenezwa hadi karibu 2010 hutumia mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa takriban kila kilomita 100,000; ukikatika, vali huweza kupinda. Tazama pia kama maji ya rejeta yanapungua au yana mafuta, kwani gasketi za hedi za injini hizo za lita 2.5 zinajulikana kwa kuvuja.

Karatasi nazo zina neno

Tangu 2018, sheria ya Uganda inakataza kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa, lakini yaliyoingia kabla yake bado yapo sokoni. Magari mengi hutoka Japani, ambako hukaguliwa kabla ya kusafirishwa, na cheti cha ukaguzi huandika kilomita zilizosomwa. Linganisha na dashibodi ya leo. Karatasi ya mnada ikiwa na alama R, gari limewahi kupata ajali na kutengenezwa.

Namba ya chesi na ya injini zifanane na za kadi ya gari, na jina la kwenye kadi liwe la anayeuza. Kadi nyingi huwekwa rehani kwa wakopeshaji. Sheria ya mwaka 2019 kuhusu dhamana za mali zinazohamishika iliweka daftari chini ya ofisi ya usajili, URSB, ambamo mnunuzi anaweza kutafuta kama gari lina deni. Tafuta pia faini za barabarani ambazo hazijalipwa. Mkataba wa mauzo aghalabu huandikwa kwa Kiingereza. Msemaji wa Kiswahili au Kinyarwanda asitie saini kabla ya kusomewa kila kifungu na mtu aliyemchagua mwenyewe, si yule aliyeletwa na muuzaji.