Chujio la Watoto wa Kambare

Watu husema kwamba katika nyumba ya kambare baba ana ndevu, mama ana ndevu, na mtoto naye ana ndevu. Kwa ndevu ni kweli, lakini kwa pumzi wakubwa na wadogo si sawa. Kambare mkubwa ana kiungo maalum kichwani, juu ya matamvua yake, ambacho kwacho hupumua hewa ya juu ya maji; ndiyo sababu aweza kuishi katika tope wakati wa kiangazi. Mtoto wake huzaliwa bila kiungo hicho. Kwa majuma mawili au matatu ya kwanza hutegemea oksijeni iliyomo majini tu. Basi maji yakiharibika, mkubwa aweza kupona, na mdogo hufa.

Mtu akaaye Mpendae, katika mji wa Zanzibar, hana mto wala ziwa mlangoni pake. Akitaka kulea watoto wa kambare, yampasa awaweke katika tangi. Mtoni uchafu huchukuliwa na maji yapitayo; tangini hubaki pale pale. Katika mavi ya samaki na mabaki ya chakula hutoka sumu iitwayo amonia. Sumu hii haionekani: maji yaweza kuwa maangavu kama ya kunywa, nayo imo. Tena kisiwa cha Unguja kimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na maji ya visima vyake vingi yana chokaa. Katika maji ya namna hiyo, hasa yakiwa na joto, amonia huwa kali zaidi. Kwa hiyo twahitaji chujio.

Mwajua kifumbu cha kuchujia tui: tui hupita, machicha hubaki. Chujio la samaki hufanya kazi hiyo, lakini kazi yake kubwa ni nyingine. Ndani yake hukaa bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hao huigeuza amonia kuwa naitriti, ambayo nayo ni sumu, na bakteria wengine huigeuza naitriti kuwa naitrati, isiyodhuru sana. Naitrati huondolewa kwa kubadili sehemu ya maji mara kwa mara.

Sasa, tuchague chujio gani? Yako machujio yenye pampu ya kuvuta maji kwa nguvu. Hayo yafaa kwa samaki wakubwa. Lakini kambare aliyeanguliwa jana hana urefu wa sentimita moja, naye huvutwa akafa mdomoni mwa pampu. Lililo salama ni chujio la sponji. Ni kipande cha sponji kilichochomekwa bomba. Pampu ndogo hupeleka hewa kwa mpira mwembamba. Mapovu yapandapo ndani ya bomba huvuta maji polepole kupita katika sponji. Hivyo chombo kimoja huyatia maji hewa, huyasafisha, wala hakimezi mtoto. Chagua sponji yenye matundu madogo.

Yashikeni mambo manne. Kwanza, sponji mpya haina bakteria wa kutosha; itieni katika tangi lenye samaki wakubwa majuma kadhaa kabla ya kuleta watoto. Pili, msiioshe kwa sabuni wala kwa maji ya bomba yenye klorini, maana bakteria watakufa. Ikamueni taratibu katika ndoo ya maji yaliyotolewa tangini. Tatu, wekeni pampu juu kuliko maji ya tangi, ili umeme ukikatika maji yasirudi kwa mpira mpaka ndani ya pampu. Nne, msiguse pampu kwa mikono iliyolowa.

Umeme wenyewe ni jambo la kufikiriwa. Unguja huletewa umeme kutoka bara kwa waya upitao chini ya bahari. Desemba 2009 njia hiyo iliharibika, na umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Pampu ikisimama, watoto wa kambare hukosa hewa, na bakteria wa sponji hukosa pia. Mfugaji mwenye busara hawajazi samaki tangini kupita kiasi. Umeme ukikatika, huacha kuwalisha, huteka maji kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu ili yachukue hewa, tena huwa na ndoo ya maji safi tayari.

Basi msilipime chujio kwa nguvu zake, bali kwa udhaifu wa yule litakayemlinda.

MASWALI

1. Kwa nini kambare mkubwa aweza kuishi mahali ambapo mtoto wake hufa?
2. Je, maji maangavu ni salama sikuzote? Eleza.
3. Chujio la sponji hufanya kazi gani tatu?
4. Umeme ukikatika usiku, utafanya nini kwanza?